Kisu cha Bibi Shamba

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, beseni miguuni, namenya viazi vitamu vya asubuhi, mama mkwe wangu alipotoka chumbani kwake akiwa amevaa viatu. Hilo peke yake lilitosha kuninyanyua kichwa. Mama Ng'washi hakuwa mtu wa viatu saa zile. Uani kwetu Buhongwa alitembea pekupeku mpaka jua lipande juu ya mawe ya kilimani, na kila siku tuliianza kwa namna moja: mimi namenya, yeye anapokea kiazi mkononi mwangu, anakisuuza, anakitumbukiza kwenye sufuria. Hatukusema mengi. Maganda yalianguka, kuku wakaja kuyaparua, moshi ukapita katikati yetu kama mtu wa nyumbani anayepita kwenda kwenye shughuli zake.

Asubuhi ile nilimnyooshea kiazi na hakikupokewa. Mikononi alikuwa na kamba ya katani, mpya, ndefu, ncha zake bado zina vinyuzi.

"Teo," alisema, "kisu unacho?"

Lilikuwa swali la ajabu, maana kisu nilikuwa nacho mkononi na ganda la kiazi likining'inia.

"Ninacho, mama."

"Basi nikatie hapa."

Akaivuta kamba ikakaza, ngumi moja huku, ngumi nyingine kule, akainama kidogo ili iwe usawa wa macho yangu. Akangoja. Nakumbuka alingoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nami nikadhani anangoja nifute kisu, nikakifuta kwenye kanga, nikaweka makali ya kisu juu ya kamba, nikakata. Kilikuwa kikali, nilikinoa kila Jumapili kwenye jiwe la uani. Kamba haikuleta ubishi hata kidogo. Mikono ya mama, iliyokuwa ikivutana, ikaachana ghafla kama ya mtu aliyeshtuliwa.

"Ahsante," alisema. "Naenda nyumbani. Macho si yamepona."

Nikasema, "Sawa, mama." Nikakikunja kisu, nikakirudisha mfukoni, nikainuka kwenda kumfungia mzigo wake.

*

Kisu chenyewe ni cha kukunja, mpini wa mbao nyeusi wenye misumari miwili ya shaba. Kikiwa kimekunjwa kinatoshana na kidole changu cha kati. Nilikinunua mjini, dukani kwa Taherali, wiki niliyomaliza chuo cha kilimo. Mkewe, mama Farzana, alikitoa kwenye kabati la kioo, akanitazama, akauliza, "Cha baba au cha kaka?"

"Changu," nilijibu, kwa sauti ndogo hata ikabidi nirudie.

Akacheka taratibu, akakipangusa kwa kitambaa kabla ya kunikabidhi. "Haya, bibi. Angalia usikate vidole. Hivyo hatuuzi."

Chuoni tulifundishwa kubebesha miche ya michungwa na miembe, yaani kuunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, na kila mwanafunzi alipewa kisu cha kazi hiyo. Tulipomaliza vilikusanywa, na mimi nikabaki na mkono usiojua pa kukaa. Nilipopangiwa kazi ya ubibi shamba katika vijiji vya njia ya Shinyanga, nilikwenda na baiskeli ya ofisi na kisu changu mwenyewe. Nilikitumia kupasua tumba la pamba nitazame kama funza ameingia, kuchonga penseli, kukata uzi wa mfuko wa mbegu, kutoa mwiba kwenye tairi. Mchana nilimenyea chungwa. Wakulima walinizoea hivyo. Hata waliosahau jina langu walikikumbuka kisu.

Kulikuwa na kazi nyingine kiliyonifanyia, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Mimi ni mtu wa haya. Maneno hunijia, tena hunijia mazuri, ila hufika nikiwa nimeshaachana na niliyetaka kumwambia. Mtu akininyamazia akingoja niseme, mkono wangu huenda mfukoni wenyewe. Nikipata kitu cha kumenya au cha kuchonga, kimya kinakuwa na sababu.

Mama Ng'washi alikuja kwetu kutoka ng'ambo ya ziwa, kijiji kimoja baada ya Kamanga, kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alipofunguliwa bandeji ya pili, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake cha hospitali namchongea muwa, kitu cha kwanza alichokitazama sawasawa kilikuwa mkono wangu.

"Kumbe ndicho hiki," alisema. "Siku zote nasikia tu kinavyolia, tak. Mwanamke na kisu mfukoni kama mchunga ng'ombe. Iko siku tutakusikia unapiga mluzi."

"Mluzi siuwezi, mama."

"Utajifunza. Mmeanza na visu."

Alirudi nasi nyumbani kupumzika majuma mawili, na majuma yakawa masika, masika yakawa kiangazi. Hakuna aliyetaja siku ya kuondoka. Kisu changu alikitania kila alipokiona, lakini hakukigusa wala kukiazima. Akitaka kukata kitu alikuja nacho nilipo na kunishikia nimkatie.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana. Nilikulia Tabora, kwenye kota za reli, kwa baba yangu Josephat, aliyekuwa mpokeaji wa mizigo stesheni. Nyumbani kwetu wageni walikuwa wengi, na wote walikuwa wa treni. Treni haimngojei mtu. Kwa hiyo upendo wa baba ulikuwa kumwahisha mgeni na kumfungia mzigo wake barabara. Alipiga magoti, akaweka goti juu ya gunia, akavuta kamba mpaka ikalia, akamalizia kwa fundo lenye kitanzi cha kushikia, ili mgeni asikatwe vidole njiani. Hakumwambia mtu kwamba atamkumbuka. Ukipewa na baba mzigo wa kitanzi, ulijua umependwa. Fundo hilo alinifundisha, nami sikuwahi kufikiri kwamba duniani kuna nyumba ambamo halisomeki hivyo.

*

Mwaka ule kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume wangu Jonathan kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Hakulalamika sana. Alijenga kibanda Mabatini, akauza sabuni, viberiti, mafuta ya taa na betri za redio. Bidhaa zilikuwa zimefunguliwa milango, zinaingia kutoka kila upande, zinapangwa mpaka barabarani. Sabuni ambayo utotoni mwangu watu waliipangia foleni tangu alfajiri, sasa ilitafutiwa mahali pa kulala.

"Mvua zikirudi katoni zitanyeshewa," Jonathan alisema jioni moja tukiwa tunakula. "Kibanda kinavuja. Tungekuwa na chumba cha ziada hapa, hata kidogo."

Alisema kama mtu anayezungumza na taa. Sidhani kama alikuwa na lingine moyoni. Lakini nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na chumba cha pili alilala mama.

Mama alimaliza tonge lake kwanza. "Chumba kipo," alisema. "Mimi macho yangu yamepona siku nyingi."

Jonathan akakohoa, akasema si hivyo, mama, mimi nasema tu, akaishia katikati. Halafu wote wawili wakanitazama. Nilikuwa mwenye nyumba. Neno langu lilikuwa linangojwa. Nami nilikuwa nalo. Nilitaka kusema kwamba sijui ningezianzaje asubuhi bila mkono wa kupokea viazi. Nilitaka kusema kwamba nimewaita wanawake wengi mama kwa adabu, na huyu ndiye wa kwanza ninayemwita hivyo nikisikia kitu kifuani. Lilikuja lote kwa pamoja, likabanana, likakwama. Nikachukua chungwa, nikatoa kisu, nikaanza kumenya. Ganda lilizunguka refu bila kukatika mpaka likagusa meza. Nilikuwa hodari kwa hilo. Kipande kikubwa kuliko vyote nikampa mama, nikiamini ameelewa.

Alikila polepole, akatemea mbegu kiganjani mwake mwenyewe, akaenda kulala.

Siku chache baadaye ndipo alipokuja na kamba.

*

Gunia alikuwa ameshalijaza na kulishona mdomo. Niliweka goti juu yake kama baba, nikavuta kamba mpaka ikalia, nikapitisha, nikarudisha, nikafunga kitanzi. Mama alisimama mlangoni akiniangalia.

"Unajua kufunga," alisema.

"Baba alinifundisha."

"Naona."

Nilipolibeba nilishangaa wepesi wake. Nikafikiri pengine uzee unampunguzia mtu vitu. Tukapanda basi mpaka mjini, tukateremka hadi gatini. Magugumaji yalikuwa yamejaa ufukweni, kijani kibichi kama shamba lililoelea, na pantoni ya Kamanga ilikuwa inarudi nyuma na kwenda mbele ikijitafutia njia. Nilimtafutia mama mahali pa kivuli, nikaweka mzigo kando ya miguu yake, nikageuza kitanzi kielekee mkono wake wa kulia.

"Tumewahi," nilimwambia. Hilo ndilo neno zuri kuliko yote tuliyoambiana stesheni ya Tabora.

Mama alinitazama kwa yale macho yake mapya.

"Kisu umekirudisha mfukoni?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kitunze."

Nilisimama gatini mpaka pantoni ikatoka kwenye magugu na kuingia kwenye maji meupe. Hakupunga mkono. Alikuwa ameshika kitanzi.

Jioni Jonathan aliporudi alikuta sahani mbili mezani.

"Mama amekwenda nyumbani," nilisema. "Nimemsindikiza."

"Hakuniaga." Akanawa mikono polepole. "Nani alimfungia mzigo?"

"Mimi."

"Ukamfungia mara ile ile aliposema?"

Sikulielewa swali. Nikajibu kwa fahari kidogo, "Nilimwahisha. Alipata nafasi nzuri, kivulini."

Jonathan alikaa na tonge mkononi mpaka likapoa. Kisha akalirudisha kwenye sahani. "Kosa ni langu," alisema. "Mimi na katoni zangu." Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Tulikuwa watu wawili wapole katika nyumba moja, na upole nao una hasara zake.

Kesho yake niliingia kufagia chumba cha mama ili katoni ziletwe. Nikasimama na fagio mlangoni. Kitenge chake cha kwendea kanisani kilikuwa kimening'inia kwenye msumari. Gauni la pili lilikunjwa juu ya sanduku, na ndani ya sanduku kulikuwa na kanga zake zote, sweta, na kitabu cha nyimbo. Dirishani lilikuwapo kopo lake la ugoro. Mama Ng'washi bila ugoro hakuweza kufika hata dukani pa jirani. Nikajiuliza nimefunga nini mimi. Nimevusha nini ziwa zima kwa fundo zuri namna ile.

Nilichukua mfuko nianze kumkusanyia vitu vyake vilivyosahaulika. Nilishusha kitenge msumarini. Kilikuwa na harufu ya moshi wa jiko letu. Nikakirudisha. Nilikishusha tena, na mara ya pili pia mkono ukakataa. Nikatoka na kopo la ugoro tu.

Jonathan alisukuma katoni za sabuni chini ya kitanda chetu, nyingine akazipanga sebuleni mpaka dirisha likazibwa nusu. "Chumba cha mama usikiguse," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyetaka. Kisha akatazama chini. "Nenda ukamwone, Teo. Mimi nikienda atanipikia kuku, tutaongea habari za mvua, nitarudi."

*

Niliomba ruhusa ofisini, nikavuka.

Kutoka Kamanga kwenda kijijini kwao ni mwendo mfupi wa miguu, njia ya mchanga kati ya mihogo na mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa. Nilimkuta mama uani, amekaa kwenye kigoda, anakata viazi vipande vyembamba vya michembe na kuvitandaza juani kwenye mwamba. Kando yake alikuwa wifi yangu Suzana, dada mkubwa wa Jonathan, mwanamke mrefu mwenye maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Mgeni. Akainuka akaniletea kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa. Akamwagiza Suzana ashike jogoo. Nilipoinuka kuchukua ndoo nikachote maji, kama nilivyofanya tulipokuja baada ya harusi, alinishika mkono.

"Wewe kaa. Mgeni hachoti maji."

Sijawahi kupewa heshima iliyoniuma vile. Nilikaa kwenye kiti changu chenye kitambaa, magoti pamoja, nikatoa kopo la ugoro na kumpa kwa mikono miwili.

Alilipokea, akalitikisa karibu na sikio. "Umeniletea na vile vingine?"

"Hapana, mama."

"Viko wapi?"

"Nimeviacha palepale. Kitenge kiko kwenye msumari."

Alipofungua kopo vidole vyake vilikuwa vyepesi, na baada ya kunusa alinisogezea kapu la viazi kwa mguu, taratibu, kama mtu anayesogeza kitu kisichohusika.

"Kama umechoka kukaa," alisema, "menya."

Jioni, mama akiwa zizini, niliingia jikoni kwa Suzana. Alikuwa anachochea moto kwa magunzi. Alichukua moja, akanionyesha.

"Unayajua haya?"

"Magunzi."

"Magunzi ya Buhongwa, wifi. Yametoka kwako. Yamepanda pantoni." Akalitupa motoni, akalitazama linavyoshika. "Gunia zima, na blanketi bovu juu yake ili lionekane limejaa. Mama kavuka ziwa na kuni, na huku kuni tunazo. Tulivyomcheka. Alikaa siku nzima hasemi na mtu."

Nilihisi uso ukipata joto, na si la moto.

"Kwa nini alifunga magunzi?"

Suzana akanitazama kama anayetafuta pa kuanzia na mtoto. "Kwani kwenu mgeni akisema naondoka, mnamfanyaje?"

"Tunamfungia mzigo. Tunamwahisha."

"Mungu wangu. Siku ile ile?"

"Treni haingoji."

Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akaacha, akaona sicheki. Akakaa kwenye kinu kilicholala.

"Sikiliza, wifi. Kwa mama, mtu hafungi mzigo wake. Anafungiwa na mwenyeji. Na mwenyeji mwenye moyo na wewe hakosi sababu. Kamba imeliwa na panya. Jogoo bado hajachinjwa. Mara kisu hakionekani, tukate na nini? Mgeni anakaa siku mbili, tatu, anakasirika kidogo kwa uongo, ndipo anaondoka ameshiba. Usipompinga hata kidogo, umemwambia ulikuwa unahesabu siku zake." Akasukuma gunzi motoni. "Mama alikuletea kamba nzima, isiyokatwa. Na kisu katika nyumba ile yuko nacho nani? Kilitakiwa kisionekane."

"Kilikuwa mkononi mwangu," nilisema. "Nilikuwa namenya viazi."

"Basi ungesema kimekuwa butu."

"Nilikuwa nimekinoa Jumapili."

Hapo alinihurumia, nikaona. Akainua mkono akaonyesha ukutani. Kamba yangu ilikuwa imeviringishwa na kutundikwa juu ya chungu. "Na fundo lako lilinitoa jasho. Nilitaka kuikata kwa panga, mama akakataa. Akasema aliyeifunga ndiye mwenye kisu cha kuikata. Nikaifungua kwa meno, wifi. Kwa meno."

*

Nilikaa. Ruhusa yangu ilikuwa fupi, lakini siku za kule zina nafasi. Asubuhi tulichimba viazi, mchana tulivimenya na kukata michembe, mimi kwa kisu changu, mama kwa chake cha jikoni kilicholika mpaka kikawa kama jani la mwanzi. Mambo yetu ya zamani yakaanza kurudi yenyewe. Namenya, nanyoosha mkono, kinapokelewa. Siku ya pili alisahau kuniita mgeni. Siku iliyofuata alinituma maji, na nikaenda kisimani na ndoo kichwani nikiwa na furaha ambayo ningeona aibu kumweleza bibi shamba mwenzangu.

Lakini lile la Buhongwa hatukuligusa. Lilikaa kati yetu kama beseni. Kila nilipotaka kulianza nilichukua kiazi kingine, na michembe ikazidi kutandazwa mpaka mwamba wote ukawa mweupe.

Siku ya kuondoka niliamka mapema, nikavaa viatu, nikatia mkono mfukoni. Kisu hakikuwemo.

Nilitafuta chini ya mkeka. Nilitafuta kwenye maganda, kisimani, njia nzima ya kisimani. Jana alasiri nilikuwa nacho. Nilikifuta, nikakiweka juu ya mwamba wakati tukianua michembe. Nikarudi uani natweta. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, kapu kubwa la michembe kando yake, anachambua iliyokauka na isiyokauka. Suzana alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Mama, kisu changu sikioni."

"Ah," alisema mama, bila kuinua uso. "Kisu kidogo hakiendi mbali. Kitaonekana kesho."

"Pantoni..."

"Pantoni ipo na kesho."

Suzana akageuka upande, kanga mdomoni, mabega yakimtikisika.

Ndipo nilipoelewa. Nilisimama na viatu vyangu katikati ya uwanja na nikaelewa kwamba ninazuiwa; kwamba mtu ameficha kitu changu kwa sababu hataki niondoke. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Maishani mwangu nilikuwa nimewahishwa tu. Nikakaa pale pale chini, juu ya mchanga uliofagiwa, karibu na kapu.

Ningeweza kuishia hapo. Ningevua viatu, nikakaa siku moja zaidi, kisu kikaonekana, nikafungiwa mzigo wa michembe, nikarudi. Wote tungejua kwamba tumesameheana, na hakuna ambaye angesema neno. Lakini nilikumbuka ganda la chungwa lililogusa meza nikidhani limesema kwa niaba yangu. Nilikumbuka kitanzi. Mara mbili nilikuwa nimeviachia vitu viniongelee, na mara zote mbili vilisema kingine. Mkono wangu uliingia mfukoni kutafuta cha kushika, na mfuko ulikuwa mtupu.

"Mama," nilisema, "usiende."

Lilikuwa neno lisilo na mahali. Mama alikuwa nyumbani kwake, juu ya kigoda chake, hana safari yoyote. Mwenye safari nilikuwa mimi. Suzana aliacha kufagia.

"Siku ile nilitaka kukwambia usiende," nilisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini safari hii sikuombwa kurudia. "Sijui kusema. Nakata tu. Ila asubuhi bila wewe sizitaki."

Mama aliingiza mkono kwenye kapu, mpaka kwenye kiwiko, akapapasa chini ya michembe, akatoa kisu changu. Kilikuwa kimekunjwa, mpini wake una vumbi jeupe la viazi. Akakipuliza. Akakigeuza mara moja kiganjani, akaigusa misumari ya shaba kwa kidole gumba, mmoja, na mwingine, kisha akakiweka juu ya paja langu.

"Sikuwa nataka kwenda, mwanangu," alisema. "Nilikushikia kamba ili uniambie hivyo."

Tulikaa. Kuku walikuja, wakakuta hakuna maganda, wakaondoka. Baadaye, sauti yangu iliporudi mahali pake, nilimuuliza kama nikaitoe ile kamba jikoni, niifunge mizigo yake vizuri, tuvuke pamoja.

Mama alifungua kopo la ugoro, akanusa, akafumba macho kidogo.

"Mizigo gani?" alisema. "Vitu vyangu viko nyumbani."